Kalamu ya Wino katika Shule na Usharika: Kumbukumbu za Bweranyange na Karagwe

Utangulizi

Historia za sharika nyingi huanza na majengo, wachungaji na miaka ya kuwekwa kwa mawe ya msingi. Ni haki kufanya hivyo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana na wengi. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba jina la kila mzee aliyebatizwa, kubarikiwa kipaimara au kufungishwa ndoa katika miaka mia moja iliyopita limefika hadi leo kwa sababu palikuwa na mtu aliyeketi mezani, akachovya kalamu katika wino, akaandika. Sura hii inahusu kalamu hiyo na watu walioishika.

Kwa kijana wa leo, maneno "kalamu ya wino" yanaweza kumaanisha peni yoyote inayouzwa dukani. Kwa wale waliosoma kabla ya miaka ya 1980 yalikuwa na maana mbili mahususi. Ya kwanza ni kalamu ya kuchovya: kijiti cha mti kilichochomekwa nibu ya chuma, ambacho mwanafunzi alikichovya katika kidau baada ya kila maneno machache. Ya pili ni kalamu ya kujazwa wino, iliyobeba wino wake tumboni na kufunikwa kwa kifuniko chenye kishikizo cha kuning'iniza mfukoni. Zote mbili zimetoweka madarasani. Wazee wanapokutana baada ya ibada na kuanza kusimulia habari za shule, ni nadra mazungumzo yao yamalizike bila kalamu hizo kutajwa, na zinapotajwa sauti zao hubadilika. Ni vema kuuliza ni kitu gani hasa wanachokikumbuka.

Chuma na Wino Bweranyange

Kabla kalamu haijafika, Bweranyange palikuwa tayari mahali pa kumbukumbu. Palikuwa makao makuu ya watawala wa Karagwe, na kumbukumbu ya ufalme ilihifadhiwa kwa njia mbili: kwa midomo ya wazee waliojua orodha ya wafalme na matendo yao, na kwa vitu vya chuma. Wahunzi wa Karagwe walikuwa mafundi mashuhuri. Miongoni mwa vitu vya heshima vya ufalme vilivyotunzwa Bweranyange kulikuwa na nyundo, mikuki na sanamu za ng'ombe, vyote vya chuma. Aliyeviona alijua bila kusoma neno lolote ni nani aliyetawala na uwezo wake ulitoka wapi.

Mwezi Novemba 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wakiwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile. Speke aliendelea kwenda Buganda mwezi Januari 1862, lakini Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki Karagwe hadi mwezi Aprili. Wote wawili waliandika habari za kila siku, na maandishi yao yakawa vitabu vilivyochapishwa Uingereza mwaka 1863 na 1864. Hivyo ndivyo Bweranyange palivyoingia katika maandishi ya Ulaya, kwa wino wa wageni. Wageni hao waliandika majina jinsi masikio yao yalivyoyasikia. Jina la Rumanyika likawa "Rumanika", na ziwa dogo lililoonekana kutoka ikulu likapewa jina la ziwa la kwao, Windermere.

Si kwamba maandishi hayakujulikana kabisa kabla ya hapo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, na watu hao walizoea kuandika hesabu na barua kwa herufi za Kiarabu. Hata neno "kalamu" lilitoka katika lugha ya Kiarabu. Lakini wino huo ulikuwa wa biashara yao, na haukuingia katika nyumba za wakulima na wafugaji wa Karagwe.

Ilichukua zaidi ya karne moja tangu siku za Speke hadi ufalme huo upate kitabu kikubwa cha historia kilichoandikwa na mwanahistoria Mtanzania. Israel K. Katoke alichapisha mwaka 1975 kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe, akitegemea kwa sehemu kubwa masimulizi ya wazee. Kati ya kalamu ya Speke na ya Katoke kuna historia nzima ya watoto wa nchi hii kujifunza kuandika.

Wasomaji wa Kwanza

Ujumbe wa Injili ulifika upande huu wa Ziwa Viktoria ukiwa umebebwa na kitabu. Katika Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, kwa kuwa kusoma na kuamini vilionekana kuwa jambo moja. Biblia nzima katika Kiganda ilikamilika mwaka 1896, na vitabu vya Kiganda vilivuka mpaka hadi Buhaya mikononi mwa wenyeji kabla misheni ya Kilutheri haijaweka makao yake. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta watu waliokwisha kuanza kusoma.

Ikumbukwe kwamba kusoma kulitangulia kuandika. Kitabu kimoja kiliweza kusomwa na watu kumi waliokizunguka, lakini kuandika kulidai karatasi, kalamu na wino kwa kila mtu. Kwa sababu hiyo, katika shule ndogo za vijijini, zilizokuwa chini ya mti au katika kibanda cha nyasi kilichotumika pia kwa ibada, wengi walijua kusoma kabla hawajawahi kushika kalamu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jambo hilo likatokea tena. Katika vipindi hivyo viwili kazi ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Hapo umuhimu wa kuandika ulidhihirika. Mtu aliyeweza tu kusoma aliweza kuongoza ibada, lakini yule aliyeweza kuandika aliweza kutunza kitabu cha ubatizo, kuhesabu sadaka na kupeleka barua makao makuu kueleza hali ya kundi lake. Katika miaka ambayo barabara zilikuwa chache, barua ya mwinjilisti ndiyo iliyounganisha vijiji vya Karagwe na Bukoba.

Kwa upande wa serikali ya Kiingereza, mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulifungua njia ya ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vilivyowekwa. Shule iliyotaka ruzuku ilipaswa kuwa na mwalimu aliyefuzu, orodha ya mahudhurio na madaftari ya kukaguliwa. Kuanzia hapo kuandika hakukuwa tena ziada ya kusoma.

Darasani: Kibao, Nibu na Kidau

Njia ya mtoto kuelekea wino ilikuwa ndefu. Alianza kwa kidole au kijiti, akichora herufi mchangani. Baadaye alipewa kibao cha jiwe, ambacho kiliandikwa, kikasahihishwa na kufutwa kwa kiganja au kwa jani. Kibao hakikuwa na kumbukumbu. Hesabu ya asubuhi ilifutwa ili kutoa nafasi kwa imla ya mchana, kwa hiyo mtoto alilazimika kutunza kichwani yale ambayo mkono umeyafuta. Kisha ikaja kalamu ya risasi na daftari la kwanza. Wino ulikuja mwisho, kwa kawaida mtoto alipokaribia kumaliza madarasa ya chini, na siku ya kupewa nibu ilikuwa kama siku ya kupandishwa cheo.

Wino wenyewe mara nyingi ulifika ukiwa unga. Mwalimu au mwanafunzi wa zamu aliukoroga na maji, akaumimina katika vidau vidogo vilivyotumbukizwa ndani ya matundu ya madawati. Mahali ambapo hapakuwa na madawati, kidau kimoja kiliwekwa katikati ya wanafunzi wawili au watatu, na kila mmoja alijifunza kuchovya bila kugonga mkono wa mwenzake. Unga ulipopungua maji yaliongezwa. Mwandiko wa mwisho wa muhula ukawa mwepesi kuliko ule wa mwanzo, na anayefunua daftari la zamani aweza kutambua kwa macho ni wakati gani shule ilikuwa imeishiwa.

Nibu mpya ilikuwa na mafuta ya kiwandani yaliyozuia wino kushika, na wanafunzi waliiramba kwanza au kuifuta kwa kitambaa. Baada ya hapo kazi ilianza. Nibu ya chuma ina mpasuko katikati, na ikibanwa hufunguka. Mstari wa kushuka ulipaswa kuwa mnene na wa kupanda uwe mwembamba. Aliyebana mno alipasua nibu au kuchana karatasi. Aliyelegeza mno hakuacha alama. Katika somo la mwandiko, ambalo lilikuwa na kipindi chake kama hesabu na kusoma, watoto walijaza kurasa kwa herufi moja katikati ya mistari miwili, mpaka mkono ukajua kipimo bila kuambiwa.

Jambo lililotofautisha wino na kibao, na hata na kalamu ya risasi, ni kwamba wino haukufutika. Kosa lilibaki. Mwanafunzi alilazimika kuimaliza sentensi kichwani kabla ya kuianza kwenye karatasi, na wengi waliosoma wakati huo husema kwamba huko ndiko walikojifunza kufikiri kwanza na kuandika baadaye. Doa la wino lilikuwa aibu ya wazi. Karatasi ya kukaushia wino ilikuwa haba, kwa hiyo kipande cha chaki kiliviringishwa juu ya doa ili kiunyonye, na chaki hiyo ya buluu ikarudi mfukoni kusubiri ajali nyingine.

Kalamu Mfukoni

Kalamu ya kujazwa wino ilikuwa jambo jingine. Katika Marekani, Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yake mwaka 1884, na George Parker akaanzisha kampuni yake mwaka 1888. Katika Karagwe kalamu hiyo ilionekana kwanza mifukoni mwa wamisionari, makarani na walimu wakuu. Kishikizo chake kilichong'aa juu ya mfuko wa shati kilimtambulisha mtu tangu mbali. Aliyekuwa nacho aliitwa kuandika barua za majirani, kusoma hati za mashamba na kuhakiki uzito wa kahawa ulioandikwa kwenye stakabadhi.

Kwa kijana aliyefaulu kuendelea na masomo, zawadi ya kalamu ilikuwa na uzito wa pekee. Ilinunuliwa kwa fedha ya kahawa, na nyuma yake palikuwa na baba na mama waliochuma, wakaanika na kubeba. Miaka ya 1970, bidhaa za China zilipoongezeka madukani kwa sababu mauzo yake yalisaidia kugharimia ujenzi wa reli ya TAZARA hapa nchini, kalamu za bei nafuu zaidi kama Hero kutoka Shanghai zilijulikana na wanafunzi wengi. Hata hivyo hazikuwa za kila mtu.

Kalamu hiyo ilikuwa na tabia zake. Ncha ya nibu ilisuguliwa polepole ikafuata mlalo wa mkono wa mwenyewe, na ndiyo sababu wenye kalamu walikataa kuziazimisha: mkono mgeni uliiharibu. Ilivuja pia. Joto la mwili lilipopanua hewa iliyokuwa ndani ya tumbo lake lililobaki nusu, wino ulisukumwa nje, na mashati meupe mengi ya Jumapili yalipata duara la buluu juu ya moyo. Mpira wa ndani ulioze baada ya miaka kadhaa, na kalamu ikarudi kuwa ya kuchovya kama ndugu yake wa mti. Wengi waliendelea kuitumia hivyo hivyo.

Katika miaka ya shule za misheni, mwalimu wa siku za kazi mara nyingi alikuwa mwinjilisti wa Jumapili. Kalamu iliyosahihisha hesabu Ijumaa ndiyo iliyoandika mahubiri Jumamosi usiku kando ya taa ya mafuta, na ndiyo iliyoingiza sadaka kitabuni Jumapili mchana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee wa usharika waliuchukulia usemi huo kama kanuni ya kazi. Hali hiyo ilibadilika baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilipochukuliwa na serikali. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali na mwinjilisti akabaki wa kanisa, na kalamu zao zikatengana.

Upande wa Pili wa Kumbukumbu

Haitakuwa haki kuikumbuka kalamu ya wino kwa shukrani peke yake. Katika shule nyingi doa lililipwa kwa fimbo. Mtoto aliyezaliwa akitumia mkono wa kushoto alilazimishwa kuandika kwa wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto ulihesabiwa kuwa wa utovu wa adabu, na tena uliburuta wino mbichi njiani. Wapo wazee ambao mpaka leo hushika jembe kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine, na sababu ni hiyo.

Zaidi ya hayo, kalamu iligawa watu. Familia iliyoweza kununua daftari na kulipa ada kwa mtoto mmoja tu ilimchagua mvulana. Msichana alibaki shambani na jikoni. Alijua Katekisimu kwa moyo, alijua nyimbo zote, lakini jina lake katika kitabu cha ndoa liliandikwa na mkono wa mwingine, na mahali pa sahihi aliweka dole gumba. Katika kurasa za zamani alama hizo za vidole ni sehemu ya historia sawa na sahihi zenye madoido. Nazo ni za wino, wino uleule.

Kwa sababu hiyo ni jambo la kutafakari kwamba Bweranyange, mahali ambapo habari za wanawake wa kale ziliandikwa na wageni au hazikuandikwa kabisa, leo pana Shule ya Sekondari ya Wasichana Bweranyange, iliyo chini ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wasichana hao hawakuwahi kushika nibu ya kuchovya, na hawana sababu ya kuisikitikia.

Kuja kwa Biki

Kalamu iliyoiondoa kalamu ya wino ilibuniwa na Mhungaria László Bíró, aliyepata hataza mwaka 1938. Ikawa bidhaa ya bei ndogo pale Marcel Bich alipoanza kuiuza Ufaransa mwaka 1950. Jina la bidhaa yake, Bic, ndilo lililozaa neno "biki" katika Kiswahili. Ilibeba wino mzito uliokauka mara moja, haikuvuja kwa urahisi, haikuhitaji kidau, na ilipokwisha ilitupwa.

Walimu wengi hawakuipenda. Walisema inaharibu mwandiko, kwa kuwa haitofautishi mstari wa kupanda na wa kushuka, nayo huteleza bila kumwonya mwandishi. Walisema kweli. Lakini ni vema kuona biki ilifika wakati gani. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya Watanzania watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1977 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki karibu mmoja katika kila kumi. Mama wa miaka hamsini aliyeketi jioni katika darasa la elimu ya watu wazima, akiwa na daftari magotini, asingeweza kufika huko kwa nibu, kidau na karatasi ya kukaushia. Alifika kwa penseli na biki. Kalamu iliyodharauliwa na wenye mwandiko mzuri ndiyo iliyomwezesha kuandika jina lake badala ya kuweka dole gumba.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza kutumia fomu zinazosomwa na mashine, ambamo mtahiniwa alichagua jibu kwa kuweka kivuli kwa kalamu ya risasi. Barua za mwaliko wa harusi na taarifa za mikutano ya sharika zikahamia kwenye kompyuta na simu. Kuandika kwa mkono hakujafa, lakini hakumtambulishi tena mtu kama zamani.

Wino wa Vitabu vya Usharika

Ni katika jambo hilo la mwisho kwamba kumbukumbu ya kalamu ya wino inakuwa zaidi ya hamu ya ujana. Walioandika kwa nibu walikuwa na mwandiko unaotambulika. Mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu kwa miaka minne aliujua mkono wake kama alivyoijua sauti yake. Aliweza kuona ukurasa usio na sahihi akasema, huu ni wa fulani. Ujuzi huo hauko ndani ya vitabu. Uko katika macho ya wale waliofundishwa. Vitabu vya sharika vya miaka ya kati ya karne iliyopita, pamoja na madaftari ya mahubiri na barua zilizobaki majumbani, vina kurasa nyingi zisizotaja mwandishi. Walio hai wanaoweza kuzitambua wengi wao wamekwisha kupita miaka themanini.

Kuna hatari pia kwa maandishi yenyewe. Wino haukuwa wa aina moja. Wino wa kienyeji wa ofisi za serikali na makanisa ya Ulaya, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti wa mwaloni, huwa mweusi zaidi kadiri unavyozeeka na hausafishiki kwa maji. Kwa upande mwingine, ukikolezwa vibaya hula karatasi taratibu. Wino wa rangi ya buluu uliopendwa na wanafunzi kwa sababu ulitoka nguoni hufifia kwa mwanga, na tone moja la mvua kutoka kwenye paa linalovuja laweza kufuta familia nzima. Mchwa hawabagui aina yoyote.

Kwa hiyo yafaa kila mtaa uchukue hatua zilizo ndani ya uwezo wake. Vitabu vya zamani viwekwe mahali pakavu, juu ya rafu na si sakafuni, mbali na jua la dirishani. Kurasa zilizochanika zisibandikwe kwa gundi ya plastiki, kwa maana gundi hiyo hugeuka manjano na kuondoka na wino. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu, na picha zitunzwe mahali pawili au zaidi. Na muhimu kuliko yote, wazee waalikwe kukaa mbele ya vitabu hivyo pamoja na vijana, ukurasa kwa ukurasa, wataje mkono ni wa nani, mtu aliyeandikwa alikuwa mtoto wa nani, na dole gumba lile ni la bibi yupi. Kijana aandike majibu kwa chombo chochote alicho nacho.

Hitimisho

Sura ya thelathini na sita ya kitabu cha Yeremia inasimulia habari za Baruku mwana wa Neria, ambaye alipohojiwa alieleza kwamba nabii alitamka kwa kinywa chake naye akaandika kwa wino. Mfalme Yehoyakimu alikikata gombo hilo kwa kisu cha mwandishi na kukitupa motoni, kipande baada ya kipande. Kazi yote ya Baruku iliteketea. Lakini Yeremia alikuwa bado hai. Alitamka tena, Baruku akachukua gombo jingine akaandika upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Katika Karagwe hakuna mfalme aliyechoma vitabu. Kuna mvua, mchwa na miaka. Ukurasa ulioharibika leo bado waweza kuandikwa upya, kwa sababu wapo wanaokumbuka yaliyokuwamo. Wazee waliojifunza kwa nibu na kidau wanaposimulia juu ya kalamu zao, vijana wa usharika wasiwakatishe kwa kudhani ni habari za kalamu tu. Wawaletee vitabu, waketi nao, na waandike.